Maji Kwanza, Rangi Mwisho: Hotuba kwa Wanaokarabati Nyumba Kuukuu za Kuuza

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu mafundi na vijana mliofika hapa Jinja leo, shikamooni wakubwa, na wengine wote salaam.

Mmetuita tuzungumze juu ya nyumba kuukuu: namna ya kuinunua, kuikarabati kwa fedha chache na kuiuza bila kubaki na deni. Mji huu unazo nyingi. Zipo za enzi za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, zipo nyumba za maduka zenye vigae vya udongo na sakafu za terazo, na zipo za juzijuzi zilizojengwa kwa matofali ya kuchoma zikaachwa kabla ya kupigwa lipu. Kila moja ina ugonjwa wake, lakini kwa zote tunasema jambo moja: kwa mwenye bajeti finyu, mpangilio wa kazi ndio bajeti yenyewe. Shilingi za Uganda milioni 2 zikiingia kwenye paa mwezi Februari zinaokoa dari, ukuta na rangi. Milioni hizohizo zikiingia kwenye rangi kabla ya paa, mvua za Aprili zinazichukua, na paa bado linakudai.

Tuanze na hesabu, kwa sababu nyumba nyingi hupoteza fedha siku ileile ya kununuliwa. Usianze na bei anayoitaja muuzaji. Anza na bei ambayo nyumba ya ukubwa huo, katika mtaa huo, ikiwa nzima, imelipwa kweli. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo haikusaidii. Waulize mawakili wa ardhi, wathamini, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, ambaye huwa shahidi wa mikataba mingi. Tuseme bei hiyo ni shilingi milioni 135, na muuzaji anataka milioni 90. Tofauti ni milioni 45, na hapo ndipo watu hushangilia mapema. Toa ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani ya unachonunua: milioni 1.35. Toa fedha za dalali atakayekuuzia. Mkikubaliana asilimia 5 ya milioni 135, hiyo ni milioni 6.75. Toa milioni 3 za wakili, mpima ardhi na bili za zamani za maji na umeme. Umebaki na milioni 33.9. Kama faida unayoitaka ni milioni 15, kazi yote ina milioni 18.9, na kati ya hizo weka kando karibu milioni 3 kwa ajili ya yatakayoonekana lipu ikishabanduliwa. Una milioni 16 za kufanyia kazi. Ukikuta paa peke yake linahitaji 12, nyumba hiyo haikufai kwa bei ya 90. Mwonyeshe muuzaji hesabu, apunguze, au uondoke kwa amani.

Wenye mkopo waongeze mstari mwingine. Milioni 60 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka hula milioni 1 kila mwezi, mafundi wakiwepo au wasiwepo. Mwezi wa kumsubiri fundi aliyekwenda kwenye kazi nyingine una bei yake, nao uandikwe kwenye daftari kama saruji inavyoandikwa.

Kabla ya kununua hata msumari, fanyeni upekuzi wa hati katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi. Mtazame jina la mwenye hati, rehani ya benki, na zuio lolote lililowekwa. Kwenye miji ya zamani kama huu kuna mambo mawili yanayowaumiza watu. La kwanza ni miaka ya lizi, yaani muda uliokodishiwa ardhi. Lizi ya miaka 49 iliyotolewa mwaka 1980 inaisha 2029. Ukimaliza ukarabati, mnunuzi anayetegemea mkopo wa nyumba atakwama benki, na wewe utauza kwa bei ya anayelipa taslimu. La pili ni historia ya 1972. Mali za Waasia waliofukuzwa mwaka ule ziliwekwa chini ya bodi ya uangalizi, na sheria ya mwaka 1982 ikaweka utaratibu wa kuzirudisha kwa wenyewe. Nyumba ya terazo na vigae ikitajwa kwa bei ya chini isiyoeleweka, wakili afuatilie mlolongo wote wa umiliki tangu kabla ya mwaka huo, hata kama aliyekaa humo ana funguo na ana bili za maji kwa jina lake.

Ukivuka daraja kwenda Njeru umeingia Buganda, kwenye mailo, ardhi yenye hati isiyo na kikomo cha miaka, na kibanja. Anayekuuzia kibanja anakuuzia haki ya ukaaji wake juu ya ardhi iliyo kwenye hati ya mtu mwingine. Sheria ya Ardhi inampa mwenye hati nafasi ya kuulizwa kwanza. Kwa hiyo utambulishwe kwake kwa maandishi, na risiti za busuulu, kodi ya ardhi anayolipwa mwenye hati, ziwe mkononi, kwa sababu mnunuzi wako naye atazidai. Popote ulipo, kama nyumba ni makazi ya familia, ridhaa ya mume au mke iandikwe na kusainiwa. Pia pimeni umbali kutoka majini. Kanuni za mwaka 2000 zimeweka ukanda wa ulinzi wa mita 200 kutoka ufukwe wa Ziwa Victoria, na waliokuwa Lubigi mwezi Juni 2024 waliona nyumba zikibomolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwenye ardhi oevu. Nyumba iliyo ndani ya ukanda huo msiinunue kwa nia ya kuiuza. Kumhamishia mtu mwingine hatari hiyo si biashara ya kujivunia.

Sasa tuingie kwenye nyumba yenyewe, tuanzie juu.

Paa likaguliwe mara mbili. Mchana wa jua kali, ingia darini, funga mlango wa dari, ukae gizani mpaka macho yazoee. Kila nukta ya mwanga ni tundu; iwekee alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu. Kisha rudi siku ya mvua, au panda na mpira wa maji, ukianza chini ya mteremko na kupanda polepole, dakika kumi kila sehemu. Ukianza juu, maji yanatiririka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Tundu la paa mara chache liko juu kabisa ya doa la dari. Maji hufuata mbao hata mita mbili kabla ya kudondoka.

Kwenye bati za migongo, wahalifu wakubwa ni misumari. Msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati. Uliopigwa bondeni unakaa ndani ya maji kila mvua inyeshapo. Washa ya mpira hukauka kwa jua na kupasuka, kisha bati likicheza kwa upepo tundu linapanuka. Dawa yake ni kung'oa msumari na kuweka skrubu nene zaidi ya paa yenye washa mpya, palepale au kwenye mgongo wa jirani kama mbao imechoka. Lami ya kupaka juu ya msumari hupasuka haraka kwenye jua letu, na mnunuzi akiona madoa meusi juu ya paa anajua kilichofichwa. Bati moja lililooza likibadilishwa, ncha yake ya juu iingie chini ya bati la juu yake kwa angalau milimita 150, na ubavuni lilalie jirani yake migongo miwili kasoro nusu. Paa lenye mteremko mdogo lipewe milimita 200. Mnaponunua, kumbukeni kuwa geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba kuliko zote hizo. Hesabuni bati kwa upana unaofunika baada ya kulaliana. Upana unaosomeka dukani utawapunguzia idadi.

Nyumba zenye paa la pande nne zina mifereji ya bonde, pale miteremko miwili inapokutana. Tunasisitiza sana hapo. Majani hujaa, bati la bonde huoza kwa chini, na maji huingia pembeni mwa kuta mbili kwa pamoja. Bonde lioshwe hadi chuma kionekane. Likiwa na kutu iliyotoboa, wekeni bati jipya la geji 26 lenye upana usiopungua milimita 450, lililokunjwa kingo zake juu ili maji yasiruke. Ni kipande kidogo cha fedha kinachookoa chumba kizima.

Vigae vya udongo msivichukie. Kiwanda cha Kajjansi kimekuwa kikifyatua bidhaa za udongo tangu 1950, na paa la vigae lililokaa miaka mingi mara nyingi lina vigae vizima na mbao mbovu. Shusheni eneo lililolala, badilisheni papi, zile mbao nyembamba zinazobeba vigae, mrudishe vigae vilevile, mkinunua vya kujazia tu. Chukueni kigae kimoja mkononi mwende nacho, maana mikunjo hutofautiana na kigae kisichoshikana na jirani yake kinavuja tangu siku ya kwanza. Ama paa la asbesto, lisikatwe kwa msumeno, lisitobolewe, wala kusuguliwa kwa brashi ya waya. Vumbi lake linaua taratibu kwa miaka. Kama ni zima, liacheni na mumwambie mnunuzi. Kama lazima litoke, lilowanishwe, literemshwe likiwa zima na watu wenye vifaa vya kinga, na NEMA waulizwe pa kulizika.

Mbao za paa zichomwe kwa bisibisi kila nusu mita, hasa zinapokaa ukutani. Bisibisi ikizama bila nguvu, mchwa au uozo umefika. Kenchi nzima, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, haina haja ya kutoka. Kateni sehemu mbovu mpaka mbao ngumu, pachikeni ubavuni mbao mpya iliyotiwa dawa yenye kipimo kilekile, ipite kwenye mbao nzima kwa angalau milimita 600, mfunge kwa bolti za milimita 12. Njia za udongo za mchwa ukutani zisifutwe tu. Zifuateni hadi zinakotokea. Mara nyingi ni ufa kwenye sakafu au fremu ya mlango inayogusa ardhi, na hapo ndipo dawa inapowekwa, kwa kipimo cha kwenye lebo.

Maji ya chini ni adui mtulivu kuliko ya juu, na hapa tutakaa kidogo.

Mnazijua nyumba ambazo lipu imevimba hadi kimo cha goti, rangi inabanduka kama maganda, na chumvi nyeupe inatoka ukutani. Wengi hubandua, hupiga lipu ya saruji tupu, hupaka rangi ya mafuta, na baada ya miezi michache unyevu unatokea juu zaidi, karibu na kiuno. Sababu ni kwamba ukuta unanyonya maji ardhini, kwa kuwa chini yake hakuna karatasi ya kuzuia unyevu au imezikwa. Maji yalikuwa yanatokea chini yakikauka. Ukiyaziba kwa saruji ngumu yanapanda kutafuta pa kutokea. Kwa hiyo kabla ya kugusa lipu, tokeni nje mtazame ardhi. Barabara nyingi za mitaa yetu zimeinuliwa kwa changarawe mwaka baada ya mwaka, na udongo umejaa mpaka usawa wa sakafu. Chimbeni kuzunguka nyumba hadi ardhi iwe angalau milimita 150 chini ya sakafu ya ndani. Hii ni kazi ya jembe na toroli, na ndiyo shilingi inayozaa kuliko zote kwenye ukarabati wa bei ndogo.

Kisha mwageni ukanda wa zege kuzunguka msingi. Nyumba ya mita 9 kwa 8 ina mzingo wa mita 34. Ukanda wa upana wa milimita 750 na unene wa milimita 75, ukihesabu na pembe, ni karibu mita za ujazo 2 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 andaeni mifuko 10 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita moja ya ujazo na kokoto mita mbili. Mteremko uwe kwenda nje, sentimita 2 kwa upana huo, na kila mita 2 kuwe na mkato wa kuruhusu zege kujinyoosha. Bila mkato litajipasua lenyewe, na kwenye ufa huo maji yatarudi msingini. Zege lisishindiliwe juu ya udongo mlioufukia jana. Udongo ukishuka, zege litageuza mteremko kuelekea ukutani.

Ndani, jipimieni kwa nailoni. Kausheni sehemu ya ukuta, bandikeni kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, gundisheni kingo zote kwa utepe, mwache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa ya chumba isiyotoka, na dawa ni dirisha linalofunguka. Lipu iliyooza ibanduliwe mpaka milimita 300 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, viungo vya matofali vikwanguliwe, na chumvi ifutwe kwa brashi kavu. Mkiosha chumvi kwa maji mnairudisha ndani. Ukuta uachwe upumue kwa wiki kadhaa, na muda huo muutumie kwenye kazi nyingine. Kwa kuta za zamani zilizojengwa kwa udongo au chokaa, lipu iwe ya saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Ni laini kidogo, inaruhusu ukuta kukauka, na haipasuki kwa haraka.

Maji ya mabomba hupimwa bila gharama. Fungeni koki zote usiku, andikeni namba ya mita ya maji, msome asubuhi. Ikiwa imesogea, bomba linavuja ardhini au tangi la choo linapitisha. Fungueni chemba zote, mmwage ndoo ya maji chooni na mtazame yanavyofika. Yanayofika kidogokidogo yamekutana na mizizi au bomba lililoshuka. Bafu lenye harufu mara nyingi limekosa maji kwenye mtego wa sakafuni, ule mpindo wa bomba unaozuia harufu, halihitaji vigae vipya. Tangi la choo linalotiririka linataka vifaa vya ndani tu, si choo kizima. Bafuni, vigae viwekwe pale maji yanaporuka, hadi mita 1.8, na kwingine rangi ya kuosheka. Nunueni vigae kwa nyongeza ya asilimia 10, vyote vya tarehe moja ya kiwandani, kwa sababu rangi hutofautiana kati ya katoni na katoni.

Nyufa. Ufa mwembamba wa lipu unaozunguka kama ramani hauna neno. Ni lipu iliyokauka haraka. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, unaopita hadi upande wa pili, ni habari nyingine. Chorea penseli mwisho wake wote wawili, andika tarehe, upime upana, na urudi kutazama baada ya mwezi, ikiwezekana mvua ikiwa imenyesha. Ukiwa unazidi milimita 5, au matofali yenyewe yamekatika, au mlango wa karibu umeanza kukwama, mwite mhandisi kabla ya fundi. Ukiwa umetulia, ushoneni. Bandueni lipu nusu mita kila upande, kwangueni kiungo cha matofali kwa kina cha milimita 30 kila baada ya kozi (safu) nne za matofali, lazeni nondo ya milimita 8 yenye urefu wa mita 1 ikivuka ufa katikati, kisha sindilieni mota ya 1:3, saruji 1 kwa mchanga 3. Nondo pimeni wenyewe dukani: ya milimita 8 yenye mita 12 ina uzito wa karibu kilo 4.7. Ikiwa na kilo 3 na nusu, mmeuziwa nyembamba au fupi. Lakini tafuteni kilichosababisha ufa. Mara nyingi ni mfereji wa maji ya paa unaomwagia kwenye kona ya msingi, na tumerudi kwenye maji tena.

Kubomoa ukuta wa ndani ili sebule ipanuke, au kuongeza chumba, kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Nendeni ofisi ya majengo ya mji kwanza. Ukuta unaoonekana mwembamba huenda ndio umebeba kenchi.

Umeme hatuuchezei. Mafundi umeme wanapewa vibali na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, kwa madaraja. Mwombeni awaonyeshe chake. Waya wa taa milimita za mraba 1.5, wa soketi 2.5, nguzo ya ethi ardhini, na kwenye boksi kuu swichi inayokatika kwa mvujo wa miliampea 30. Swichi hiyo moja huokoa mtoto anayeshika waya uliochunwa. Mita ya Yaka, ya umeme wa kulipia kabla, iwe na akaunti safi. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 masuala hayo yako kwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme. Mkikuta waya unaopita pembeni ya mita, utoeni rasmi kwa kuripoti kabla ya kutangaza nyumba. Marekebisho ya sheria ya 2022 yameongeza adhabu za wizi wa umeme, na mnunuzi hapaswi kurithi kosa hilo.

Kabla ya kutupa kitu, kiangalieni mara mbili. Milango ya mvule iliyopakwa rangi ya mafuta tabaka kumi inaonekana takataka, kumbe chini yake kuna mbao ambayo leo huipati kwa bei ya mlango wa plaiwudi. Lainisheni rangi, ikwanguliwe ikiwa na majimaji na kwa barakoa, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu. Badilisheni bawaba na kitasa, mpake vanishi. Madirisha ya chuma vivyo hivyo: brashi ya waya, praima nyekundu ya kuzuia kutu siku hiyohiyo kabla umande haujaigusa, puti mpya, kioo cha milimita 4 pale kilipovunjika. Na terazo! Inatuuma tukiona vigae vya bei rahisi vimegundishwa juu ya terazo. Izibeni nyufa zake kwa saruji ya rangi yake, mkodi mashine ya kusugua, mpite kwa mawe namba 60, 120, 220, hadi 400. Sakafu hiyo humshika mnunuzi mkono kabla hajaona jiko.

Sakafu ya saruji igongwe kwa mpini wa nyundo. Inapolia kama debe tupu imeachana na jamvi, yaani zege la chini yake. Ikatwe kwa umbo la mraba, imwagiwe maji, ipakwe uji wa saruji, ijazwe mota ya 1:3 yenye unene wa angalau milimita 40, kisha ilowanishwe siku saba.

Lipu na rangi ndizo zinazokuja mwisho. Kwa lipu ya milimita 15, mfuko mmoja wa saruji unafunika karibu mita za mraba 9 kwa mchanganyiko wa 1:4 na karibu 12 kwa 1:6. Fundi akidai mifuko mara mbili ya hiyo, ukuta umepinda au saruji inatembea. Mchanga upimwe: weka kiganja cha mchanga kwenye chupa ya maji yenye chumvi kidogo, tikisa, subiri kwa muda wa saa tatu, tabaka la tope juu likiwa nene, lipu itapasuka. Lipu mpya isubiri wiki nne kabla ya rangi, la sivyo ukali wa saruji unakula rangi. Chumba cha mita 3.5 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha, kina karibu mita za mraba 32 za ukuta. Mikono miwili ni 64, na kwa lita moja kwa mita 8 unahitaji lita 8. Ndoo ya lita 20 inatosha vyumba viwili na kubakiza. Ndani chagueni rangi moja nyepesi kwa nyumba nzima. Mabaki hayapotei na vyumba vidogo vinapumua.

Geti la gharama, dari za jipsamu zenye ngazi, mawe ya kupambia ukuta na uwanja mzima wa pevingi, viacheni. Mnunuzi wa nyumba ya milioni 135 hazilipii. Fyekeni uwanja, rekebisheni bawaba za geti, wekeni gata zinazofika kwenye tangi.

Mafundi wetu, na nyinyi mnasikia. Mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe, kidogokidogo, kwa sababu saruji iliyokaa miezi mitatu imepungua nguvu. Malipo yawe kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa, yaandikwe, na asilimia 10 ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite juu ya kazi. Fundi mwaminifu hapotezi kitu hapo, lakini naye ana haki: siku hatua yake ikikamilika alipwe jioni ileile. Kumcheleweshea fundi ndiko kunakomfanya akimbilie kazi nyingine na kukuachia ukuta wazi. Kazi za paa zipangwe Januari na Februari au kati ya Juni na Agosti, nje ya mvua.

Pigeni picha kila kitu kabla hakijafunikwa: nondo kwenye ufa, mbao mpya za paa, bomba ardhini, nyaya ukutani. Siku ya kuonyesha nyumba, mnunuzi mwerevu atakuja na fundi wake, na fundi huyo ataenda moja kwa moja kwenye kona za chini, darini na kwenye chemba. Mpe picha, risiti, majina ya waliofanya umeme na bomba, na umwambie wazi ambacho hukukigusa: shimo la choo lililojaa nusu, bati la upande wa nyuma lenye miaka michache iliyobaki. Bei yako ibebe ukweli huo. Anayenunua mara nyingi ameweka akiba ya miaka mingi, na watoto wake watalala chini ya paa hilo.

Sasa tunapokea maswali. Wenye picha za nyufa kwenye simu zao waanze, na mtuambie ufa uko upande gani wa nyumba na maji ya paa yanamwagikia wapi.